Mwaka Nilipowakataza Watu Kusema Pole

Bwana Sudi amefariki, Mungu amrehemu, nami nilikwenda kwenye hitima yake Ujiji nikiwa na nia njema kabisa. Nilivaa baibui langu la heshima, nikapeleka mchele na sukari, nikaketi mkekani na wanawake wenzangu, nikaitikia dua mpaka mwisho. Mambo yaliharibika wakati wa kula. Pilau ilikuwa imeshapakuliwa, tuko watano kwenye sinia moja, ndipo mama mmoja mtu mzima, jirani wa marehemu, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barazani kwamba marehemu alikuwa mtu wa huruma sana, na mwaka ule wakimbizi walipojaa alikuwa akiwatibu kama ndugu zake wa damu. Wote wakaitikia, "Kweli kabisa." Tonge likaniganda mkononi. Nilitaka kusema neno, nikakumbuka niko msibani, nikalirudisha tonge kwenye sinia, jambo ambalo hata mtoto mdogo wa Ujiji anajua ni utovu wa adabu, nikaenda kunawa. Nilirudi nyumbani na hasira ambayo nilidhani niliizika zamani. Najua si vizuri kumsema marehemu. Lakini nitakayemsema zaidi humu ni mimi mwenyewe, na mimi bado niko hai, naweza kujitetea.

Nilizaliwa na nani, nilisomeshwa na nani, hayo sitayaeleza hapa. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuoni na cheti changu cha msaidizi wa mazoezi ya viungo, nikapangiwa kituo cha wakimbizi pembeni ya mji, upande wa barabara ya Mwandiga. Jina la kituo naliacha. Watu waliokimbia Burundi waliletwa pale kutoka Kagunga na vijiji vingine vya mwambao, wasubiri kupelekwa makambini, na wengine walisubiri mpaka wakapanda maharage, wakavuna, wakapanda tena. Chumba chetu cha mazoezi kilikuwa stoo ya unga zamani. Ukiegemea ukuta unatoka na mgongo mweupe. Kulikuwa na vitanda viwili vya mbao, benchi refu, vyuma viwili vya kushikilia wanaojifunza kutembea, na mifuko ya mchanga tuliyoshona wenyewe kwa magunia. Dawa ya kuchua ilinuka mpaka kwenye chai. Dirisha lilikuwa moja, nalo lilitazama bomba la maji, kwa hiyo ugomvi wote wa kituo tuliusikia bure, nani kamruka nani kwenye foleni, ndoo ya nani imeibwa, mkwe wa nani hana adabu.

Bwana Sudi ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba hicho. Alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, na mikono yake, kusema haki, ilikuwa mikono ya kazi. Mguu uliovunjika akiushika yeye, ulitembea. Shida yake ilikuwa watu ambao hawakuvunjika. Utaratibu aliouweka ulikuwa hivi: mgonjwa anakwenda kupigwa picha ya eksirei mjini, anarudi nayo, Bwana Sudi anaiinua dirishani kwenye mwanga. Akiona kasoro kwenye mfupa, mgonjwa anapata kadi ya kusaidiwa kubeba maji na kuni. Asipoona kasoro, anaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa, mgonjwa mwenyewe akiwa amesimama pale anatazama: HANA KITU. Kisha anasema, "Mwingine." Nimefanya kazi hii miaka mingi tangu hapo, nimeona mengi, na bado nikisikia daktari kijana mwenye simu kubwa anamwambia mtu mzima mwenye kuteseka kwamba hana kitu, damu inanichemka mpaka kisogoni. Huna kitu! Mtu ameamka saa tisa, amebebwa na pikipiki kutoka Kalinzi, ameshindwa hata kuvaa viatu, halafu hana kitu.

Mchana tulikula pamoja, mimi, Bwana Sudi na karani wa kituo. Mara nyingi ulikuwa ugali wa muhogo na migebuka ya ziwani iliyopikwa kwa mawese, na mazungumzo yalikuwa yaleyale. "Hawa wanataka kadi tu," Bwana Sudi alisema, akichambua mwiba. "Wewe binti bado mgeni. Utazoea." Karani akacheka, akasema kuna mwanamke wa mstari wa saba wa vibanda ambaye ukimgusa na pamba anapiga kelele kama umemchoma kisu. "Na pamba!" alirudia, akijipiga paja. Nilicheka na mimi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nilikaa pale na mawese yananichuruzika vidoleni, nikacheka.

Mwanamke huyo alikuwa Marisiana, majirani wakimwita Mama Goreti kwa jina la bintiye. Alikuwa na miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye kifua kipana, mtu wa kaskazini ya ziwa kule mwambao wa Burundi, kwa hiyo Kiswahili alikijua vizuri sana, cha kwao. Wakati wa kukimbia alimbeba mama yake mzazi mgongoni kwa siku tatu. Siku ya tatu alianguka naye kwenye mawe. Mama alifariki, Marisiana akavunjika mfupa wa bega na kuumia mgongo. Mfupa ukaunga. Alipokuja kwetu ilikuwa imeshapita miaka miwili, na picha yake ilikuwa safi kama ya msichana. Lakini maumivu yalikuwa yameenea kutoka begani mpaka kiunoni, na alivaa nguo upande mmoja tu, upande wa pili ameuacha wazi, kwa sababu kitambaa kikimgusa kinamchoma. Bwana Sudi alimshika kitenge, akakivuta juu ya bega ili ahakikishe. Marisiana alipiga ukelele, akaketi chini sakafuni. "Umeona?" Bwana Sudi aliniambia mimi, si yeye. "Maigizo." Akaandika alichoandika.

Nilimfuata nje, sijui kwa nini, labda kwa aibu. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama." Akaitikia, kisha akaniambia jambo moja ambalo halikuhusu kadi hata kidogo. Goreti alikuwa na mimba ya miezi sita. Kwao mtoto anapotolewa nje mara ya kwanza, bibi mzaa mama ndiye anayembeba mgongoni, akafungwa vizuri, watu wakaona. "Miye kadi muichukue," alisema. "Maji nitavuta polepole. Lakini mtoto wa Goreti nitamuheka namna gani, na mgongo haukubali hata kitambaa? Weye umesoma. Niambie." Kuheka ni kubeba mtoto mgongoni, hilo hata Kiha kinasema. Nilimwambia arudi Jumanne.

Jibu lilikuwa kwenye daftari langu la chuo. Mwalimu wetu mmoja, aliyekuwa amesoma vitabu vipya, alitufundisha kwamba kidonda kinaweza kupona na maumivu yakabaki, na mwenye maumivu hayo hadanganyi. Mishipa ya fahamu ndiyo inayopeleka habari kutoka mwilini kwenda kwenye uti wa mgongo na ubongo. Ikipeleka habari za hatari kwa muda mrefu, tena pamoja na hofu na kukosa usingizi, inakuwa nyepesi mno kushtuka. Mguso mdogo unafika juu kama pigo. Hapo kumwekea mtu bendeji hakusaidii, inabidi mishipa ifundishwe upya, kidogokidogo, kwamba hatari imekwisha. Niliyasoma hayo mara tatu usiku mmoja, nikaona nimepata ufunguo wa dunia. Nikaomba kwa Bwana Sudi nipewe chumba kila Jumanne asubuhi niwafundishe watu wazima wote walioandikwa kwamba hawana kitu. "Fundisha," alisema. "Wakipona kwa maneno, uniite."

Walikuja tisa. Niliwaketisha kwenye benchi na mifuko ya mchanga, nikasimama mbele yao na chaki kama mwalimu wa darasa la kwanza, na wao wengine walikuwa na wajukuu. Nikawaambia wamfikirie mlinzi wa sungusungu kijijini. Siku moja majambazi wanavamia, mlinzi anapiga filimbi, watu wanaamka. Vizuri. Majambazi wanaondoka, lakini tangu siku hiyo mlinzi haamini kitu. Mbuzi akipita anapiga filimbi. Jani likianguka anapiga filimbi. Kijiji hakilali tena, na hakuna jambazi hata mmoja. "Mishipa yenu ni mlinzi huyo," nilisema. "Filimbi ni ya kweli, mnaisikia kweli, inaumiza kweli. Lakini jambazi hayupo. Mlinzi anakosea."

Mzee mmoja aliyeitwa Bukuru, mwenye maumivu ya miguu yote miwili, aliinua mkono. Alikuwa mtu wa maneno machache, na akizungumza wenzake walinyamaza. "Mwanangu," alisema, "yule mlinzi hakukosea. Watu walikuja kweli. Aliyelala siku ile alikufa." Wengine wakaguna. Nilimjibu harakaharaka kwamba ndiyo, lakini hiyo ilikuwa zamani. "Zamani ya nani?" aliuliza, kwa upole kabisa. Nilikereka. Nilimwona mzee mbishi anayenipotezea somo. Leo nikiwafundisha wagonjwa wangu sisemi tena kwamba mlinzi anakosea. Nasema mlinzi alifanya kazi yake, amechoka, tumsaidie apumzike. Hayo nilipewa na Mzee Bukuru na sikuwahi kumshukuru.

Marisiana yeye alicheka siku ile, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi siye si vichaa," alisema. "Ni mlinzi ndiye kichaa." Tukaanza kazi. Wiki ya kwanza nilimgusa bega kwa unyoya wa kuku, kwa muda wa kuhesabu kumi tu, yeye mwenyewe akitazama. Wiki ya pili pamba, ileile pamba ya karani. Wiki ya nne aliweza kuvumilia kanga kuukuu iliyolainika, muda wote wa chai. Kisha nikashona mfuko mdogo wa gunia, nikautia kopo moja la mahindi, tukaufunga mgongoni mwake kwa kitenge, akatembea kutoka mlangoni hadi dirishani. Alitokwa jasho, akatukana kwa Kirundi, akarudi dirishani hadi mlangoni. Tulikadiria kwamba makopo sita yana uzito wa mtoto mchanga. Kila Jumanne tuliongeza kidogo, nusu kopo, robo kopo, na siku mgongo ulipokataa tulipunguza bila kulaumiana. Alipofika makopo manne alikwenda mwenyewe mpaka bombani na mfuko wake mgongoni, akapita mbele ya foleni yote akijitingisha kama anabembeleza mtoto, wanawake wakampigia vigelegele. Nilimwona kupitia dirishani na nikajiona daktari bingwa.

Na hapo ndipo kichwa kilipovimba. Kwenye daftari langu kulikuwa na mstari mwingine, nao niliupenda kwa sababu ulikuwa mkali: walio karibu na mgonjwa wasiyalishe maumivu kwa kuyazungumza kila mara. Sasa mimi nilikuwa nimeshapita mara kadhaa mstari wa saba asubuhi, nikaona kinachotokea pale. Kila mwanamke aliyekwenda bombani alisimama kwenye mlango wa Marisiana na kusema, "Ihangane, Mama Goreti," yaani pole, "mgongo umeamkaje?" Naye Marisiana alijibu wote, mmoja mmoja, kwa urefu: hapa pamewaka, hapa pametulia, usiku uligeukia upande gani. Wanawake ishirini, mara ishirini. Niliona maumivu yanamwagiwa maji kama mche. Nikaenda kwa kiongozi wa mstari, nikamwambia kwamba ni agizo la hospitali: kuanzia kesho mtu yeyote asimpe pole Mama Goreti, asimwulize habari za mgongo, wapite tu. Kiongozi alinitazama. "Wapite bila kusema?" aliuliza. "Wapite," nilisema. "Ndiyo dawa yenyewe." Akaandika kwenye karatasi yake, kwa sababu nilikuwa na koti jeupe.

Marisiana sikumwambia. Mwalimu alisema mgonjwa asijue, ataanza kuwatafuta watu.

Ngoja niseme wazi jambo ambalo linanikera kuliko yote. Mimi ni mtu wa Ujiji. Kwetu ukiugua na jirani akapita mlangoni pako asikupe pole, huna haja ya kuuliza, umeshajua amekususa. Wakipita wawili, umeshajua kuna maneno. Mtaa mzima ukipita, basi unafunga virago. Nilijua hayo tangu naota meno. Nimewahi kumwona bibi mmoja mtaani kwetu akisuswa hivyo mpaka akahamia Kaliua kwa mwanawe. Kwa hiyo sikukosa elimu. Niliisahau kwa sababu wale niliowaona kutoka dirishani nilishaacha kuwaona kama watu wenye mtaa, wenye majirani, wenye maneno ya watu. Niliona wagonjwa. Bwana Sudi aliona waongo, mimi niliona mishipa ya fahamu, na sijui nani kati yetu alikuwa na dharau zaidi.

Kwao ilikuwa mbaya kuliko kwetu. Wanawake wa zamani wa mstari walijua ni agizo, wakatii kwa shingo upande. Lakini kila wiki waliletwa wageni, nao waliona kitu kimoja tu: mwanamke mgonjwa anayepitwa kimya na kila mtu. Kwao anayepitwa hivyo ni umurozi, mchawi anayetia watu sumu. Wala hapahitajiki mtu kumtaja, kimya chenyewe kinatosha. Hata wale wa zamani wakaanza kujiuliza kama hospitali imegundua jambo. Watu wakaacha kuchukua moto kwake. Chungu chake hakuna aliyekigusa. Jumanne iliyofuata alikuja na makopo manne yakamshinda. Iliyofuata, mawili. Iliyofuata alikuja bega liko wazi, kitenge upande mmoja, kama siku ya kwanza. Nilimuuliza kama alifanya mazoezi. "Nilifanya," alisema, na hakuniangalia. Nilimwambia ajitahidi. Nilimwambia mlinzi wake amerudia ukaidi! Naye akaitikia, "Ndiyo, Daktari," akaondoka akishikilia ukuta.

Niliyajua mambo kupitia dirishani, kama tulivyoyajua yote. Goreti alikuwa amejifungua mtoto wa kike, siku ya tano hiyo. Wanawake wawili walikuwa bombani, mmoja wao mama mkwe wa Goreti, mwanamke mrefu aliyesikika kila mahali. Alikuwa akimweleza mwenzake kwamba siku ya kumtoa mtoto atambeba yeye mwenyewe, si Mama Goreti. "Umurozi hagusi mtoto wa mwanangu," alisema. "Hata hospitali imekataza watu kumsemesha." Mwenzake akauliza imekataza kwa nini. "Unafikiri kwa nini?" alisema mama mkwe, akajitwika ndoo.

Bwana Sudi alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Akacheka kwa pua. "Alikuwa hana kitu," alisema, "sasa ana uchawi. Umempandisha cheo." Nilimgeukia na kumwambia maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa, mengine siwezi kuyaandika. Nilimwambia yeye ndiye aliyemvua utu mwanamke yule siku ya kwanza kwa kalamu yake, na kila mtu kituoni amejifunza kwake kwamba maumivu yasiyoonekana ni ya kudharauliwa. Alisubiri nikamaliza. Akaweka kalamu mfukoni, akasema taratibu, "Zaituni, mimi niliandika kwenye daftari tu. Aliyekwenda mpaka mstari wa saba kuwakataza watu ni wewe." Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumpiga kwa sababu ilikuwa kweli, na mpaka leo nikimkumbuka, marehemu huyo wa huruma, nakumbuka sauti ile isiyopanda.

Nilikwenda kwa Mzee Bukuru, nikamkuta anasuka kamba mlangoni kwake. Nikamweleza kila kitu. Sikumwomba anihurumie na wala hakunihurumia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasuka kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo mlinzi wako naye alipiga filimbi, na jambazi hakuwepo." Akavuta kamba, akaikaza. "Utakwenda kwa kiongozi wa mstari akabadilishe karatasi?" aliuliza. Nikasema ndiyo, ndivyo nilivyofikiria. Akatikisa kichwa. "Karatasi haitoi neno la umurozi. Mdomo uliofunga ndio ufungue. Mchana, watu wakiwepo. Na ule kwake. Watu waone umekula."

Siku ya kumtoa mtoto ilikuwa ya nane, asubuhi. Foleni ya bombani ilikuwa ndefu, na mbele ya kibanda cha mama mkwe wa Goreti wanawake walikuwa wameshakusanyika, wametandika mkeka. Nyumba ya Marisiana ilikuwa hatua kama thelathini kutoka pale, mlango uko nusu wazi. Nilipita katikati ya watu wote na koti langu jeupe, nikapiga magoti mbele ya mlango huo. "Ihangane, Mama Goreti," nilisema kwa sauti ya kuitia mtu ng'ambo. "Mgongo umeamkaje?" Nikarudia. Marisiana akatokeza, amevaa upande mmoja, macho yamevimba. Akaniuliza, "Weye pia unanichezea?" Nilimwambia sivyo. Nikageuka kwa watu, bado nimepiga magoti, nikasema mimi ndiye niliyewakataza wasimpe pole, hospitali haikugundua lolote juu yake, nilifanya kwa ujinga wangu na kiburi cha kusoma, na mama huyu hakuambiwa. Kisha nikamwomba chakula.

Alikuwa na maharage ya jana, baridi, kwenye chungu kisichoguswa na mtu wiki tatu. Alinipakulia. Nilikula sahani nzima nikiwa nimeketi kizingitini, foleni yote inanitazama, maji yanafurika kwenye ndoo bila mtu kuyafunga. Nikaomba nyongeza, nikala na hiyo. Halafu mwanamke mmoja wa zamani, ambaye sikuwahi kumjua jina, akaweka ndoo chini, akaja mpaka mlangoni, akachota maharage kwa vidole vyake kwenye sahani yangu. "Ihangane, Mama Goreti," alisema akitafuna. "Tulikukosea." Akaja mwingine. Akaja wa tatu, analia. Marisiana aliwajibu mmoja mmoja, kwa urefu, hapa panawaka, hapa pamekufa ganzi, na mimi nilisikiliza kila neno na sikumkatiza hata mmoja.

Mama mkwe hakuja. Alisimama kwenye mkeka wake, amekunja mikono. Goreti ndiye aliyetoka ndani na mtoto, akampita mama mkwe wake bila kumtazama, akatembea zile hatua thelathini taratibu kama wanavyotembea waliojifungua juzi, akafika kwa mama yake.

Nilisimama. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema: hapana, wiki tatu zimepotea, mgongo umerudi mwanzo, leo hauwezi hata kopo moja, tuanze na unyoya. Yote hayo yalikuwa sahihi na ningeweza kuyaeleza vizuri sana. Nikaufunga mdomo.

"Mama," Goreti alisema, "kitenge kitakuchoma."

Marisiana alikuwa ameshainama. Goreti akamlaza mtoto juu ya ule mgongo ulio wazi, akakitandaza kitenge juu yao wote wawili, akanipa mimi ncha zake nifunge. Nilihisi kwa vidole vyangu jinsi nyama ya bega ilivyoruka kitambaa kilipogusa. Pumzi yake ilikatika.

"Inauma?" niliuliza.

"Inauma sana," alisema Marisiana. "Kaza."